Siyo Chakula, Ni Asante

Jumanne, 1 Julai

Shangazi hakuinuka leo. Nilimkuta zizini amelala ubavu, shingo imejaa mabonge kama mtu aliyevamiwa na nyuki, kinyesi kimekuwa uji. Nikagusa kwato za mbele. Moto. Nilimwinua kwa kumbembeleza, kisha kwa kumsukuma, mwishowe kwa matusi. Akasimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, hataki kuikanyagia. Punda wa kubeba maji anatembea kama bibi harusi aliyebanwa na viatu.

Jina la Shangazi alipewa na mume wangu siku tuliyomleta. Punda alisimama uani akatazama huku na huku kama shangazi aliyekuja kukagua kama pamefagiwa. Toka siku hiyo ni Shangazi.

Si mara ya kwanza. Tangu tuanze kukamua alizeti anaugua, anapona, anaugua. Nimechoka.

Bwana mifugo alifika mchana kwa pikipiki. Bwana mifugo wetu ni msichana, lakini cheo ni cheo, hata wazee wanamwita Bwana. Akampiga sindano ya maumivu, akamkagua kinywa, akakiinamia kinyesi bila kuona kinyaa. Akauliza anakula nini. Nikamwambia nyasi, mabua, pumba, na mashudu tunayobaki nayo alizeti ikishatoa mafuta. Akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ana aleji na chakula cha nguvu. Punda ameumbiwa majani makavu. Mashudu, pumba, nafaka ya aina yoyote, acha. Ukiendelea, mfupa utahama ndani ya kwato na hutamwinua tena."

Mume wangu, Baba Upendo, alicheka mpaka akakaa chini. Aleji! Punda! Alipomaliza kucheka akasema jambo lisilochekesha. Kama hatabeba maji hadi mnada wa mwisho wa mwezi, anamuuza. "Punda asiyebeba ni mbuzi mkubwa tu." Na wanaonunua punda kilema hawamnunui abebe. Sote tunajua wanampeleka wapi.

Jumatano, 2 Julai

Maji kichwani. Upepo wa Julai, vumbi mdomoni, foleni pale pampu ndefu kama ya kupiga kura. Shingo inaniuma hadi kwenye bega. Shingo hii ilibeba maji ya nyumba hii tangu nilipoolewa, na daktari alishaniambia pingili zimekaa vibaya, nisibebe tena. Shangazi akiondoka, punda ni mimi. Hakuna mwingine. Upendo yuko bweni Kiomboi, mama mkwe miguu yake ya kuvukia ua tu.

Jioni niliwaambia wote nyumbani, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Shangazi ana aleji. Asipewe chakula na mtu yeyote isipokuwa mimi. Mama mkwe akaniangalia. "Nani ana chakula cha kumpa punda?" Nikaona kweli, nani anacho. Mashudu nimeyafungia stoo. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga.

Ijumaa, 4 Julai

Nyasi kavu. Maji. Chumvi kidogo. Maji baridi kwenye kwato asubuhi na jioni, anatulia na kufumba macho kama mtu anayesukwa nywele. Kinyesi kimeanza kushikana. Najisikia mjinga kufurahia kinyesi, lakini nimefurahi.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani wameshaniita Mama Aleji. Kiongozi wa kwaya aliniuliza kama Shangazi anaruhusiwa kula mayai. Walicheka wote, nikacheka na mimi kwa meno tu.

Nilimwombea punda. Sikumwambia mtu. Mabonge yamelala.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimemrudisha kazini polepole. Madumu mawili badala ya manne.

Utaratibu wetu ni ule ule. Mimi nabaki pampuni kulinda zamu, nampakia, nampiga kofi la matako, anakwenda nyumbani peke yake. Njia anaijua kuliko mimi. Mama mkwe anampokea, anashusha kwa msaada wa aliye karibu, anamrudisha na madumu matupu. Punda wote wa hapa wanafanya kazi hivyo. Ukimwona mtu anamsindikiza punda wake unajua punda mgeni, au mtu hana kazi.

Safari ya kwanza salama. Ya pili alichelewa kurudi. Nikadhani anapumzika njiani, mgonjwa ana haki yake.

Jumatano, 9 Julai

Uji tena. Mabonge tena. Kwato moto.

Nimekaa zizini nikalia kwa hasira. Kisha nikaingia ndani nikauliza: nani amempa chakula? Baba Upendo: si mimi. Mama mkwe: hapana, haki ya Mungu hatujampa chakula. Na mama mkwe hasemi uongo. Huyu ndiye aliyeonja ugali wangu wa kwanza nikiwa bi harusi, akauweka chini, akasema mbele ya wageni kwamba una mabuja kama mawe ya mlima. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kudanganya kuhusu punda.

Stoo imefungwa. Mashudu hayajaguswa. Sasa nini? Anakula upepo?

Alhamisi, 10 Julai

Nilimpigia Bwana mifugo. Akasema, "Mama, kuna mkono unamlisha." Akasema tena nisikate tamaa. Kutokata tamaa ni rahisi kwa simu.

Mkono. Nikaanza kuifikiria mikono yote ya kijiji. Nikafika kwa Mama Salima, jirani wa njiani, ambaye mbuzi wake walimaliza mchicha wangu mwezi wa tano na hajaniomba radhi hadi leo. Mashudu yake yanakaa nje, kwenye turubai, hovyo. Nilikwenda. Nikamkuta na wageni wa kwa dada yake, mkeka umetandikwa, chai imemiminwa. Sikungoja. Nikasema unamlisha punda wangu ili afe.

Akasimama. Mwanamke mpole yule, sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Mama Upendo, mimi? Mimi nitoe chakula nimpe punda wako? Chakula nakitoa wapi?" Wageni wakatazama vikombe vyao. Akaingia ndani akafunga mlango na chai yake imebaki nje.

Sijutii. Kidogo tu.

Jumatatu, 14 Julai

Siku kadhaa zizini, nyasi tu, na amepona tena. Hicho ndicho kinachoniumiza. Akikaa kwangu anapona. Akitoka anaugua. Mimi ndiye ninayebeba maji katikati, shingo imekaza siwezi kugeuka kutazama nyuma.

Baba Upendo ameshazungumza na mnunuzi. Hatangoja mnada, atakuja hapa hapa Jumamosi na gari. Nikamuuliza umeongea naye lini. Akasema si suala la lini. Nikamwambia Shangazi hajapata nguvu zake zote. Akasema ndiyo maana.

Nilitamani kumrushia mwiko. Nilikoroga ugali badala yake, ukatoka na mabuja.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimemfuata.

Nilimpakia kama kawaida, nikamwachia zamu yangu dada mmoja wa nyuma yangu, nikamfuata Shangazi kwa mbali, kanga kichwani kama mwizi. Anatembea vizuri, hana haraka. Kwenye nyumba ya kwanza, ile ya fundi baiskeli, akasimama. Hakuna aliyemwita. Akasimama tu, masikio mbele, madumu mgongoni. Akatoka mke wa fundi na kitu kwenye bakuli, akamwekea mdomoni kwa mkono. Akampapasa. Shangazi akaendelea.

Nyumba ya pili, ya mama anayepika pombe ya uwele. Akasimama. Machicha ya pombe, mkono mzima, yanachuruzika.

Kwa Mama Salima akasimama. Sikutaka kuona lakini niliona. Mama Salima akatoka, akachota mashudu kwenye turubai, akampa. Akamwambia kitu sikukisikia. Baada ya yote niliyomwambia Alhamisi, bado akampa punda wangu.

Kila nyumba. Kila nyumba! Shangazi anazijua zote, anasimama kama mtoza ushuru. Na nyumbani kwangu mwenyewe, mama mkwe akashusha madumu, akaingia jikoni, akarudi na ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye maji ya pumba. Akamlisha huku akimwongelesha Kinyaturu, sauti ya kubembeleza ambayo mimi sijawahi kuisikia kwake.

Nikajitokeza. Nikapiga kelele, sikuchagua maneno. Nikasema Mama, uliapa! Uliapa haki ya Mungu hujampa chakula!

Akanishangaa kweli kweli. Hakuwa anaigiza. "Sijampa chakula. Chakula ni ugali mezani. Hii siyo chakula, ni asante."

Asante. Kisha akanieleza kama ninavyowaeleza watoto. Mnyama akikuletea maji ukamwacha aondoke mdomo mtupu, maji hayo umeyaiba. Shangazi anabeba magunia ya mke wa fundi kutoka mashineni, anabeba kuni za mama wa pombe, alimbebea Mama Salima mzigo wa mahindi mwaka jana alipokuwa na mimba. Kila mtu anampa asante yake. Hakuna aliyempa chakula. Wote walisema kweli.

Wanasema asante ya punda ni mateke. Hapa kwetu asante ya watu ndiyo inampiga mateke punda.

Na nitaandika na hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Nilisikia wivu. Nimebeba maji ya nyumba hii miaka mingi kabla ya punda yule. Hakuna aliyewahi kuniletea hata ganda la kiazi.

Jumatano, 16 Julai

Nimepita nyumba zote kuwakataza. Nimerudi na maadui zaidi.

Nimeeleza aleji mpaka ulimi umekauka. Mke wa fundi akauliza kama inaambukiza, maana ana watoto. Mama wa pombe akasema Mama Upendo umekuwa mchoyo, hata asante ya punda unainyima. Akasema kwa utani, lakini ule utani wenye mfupa. Mmoja akasema labda nataka punda asiwapende wengine. Kwa Mama Salima nilibisha hodi, nikasikia redio ndani, mlango haukufunguliwa. Ni haki yake.

Shangazi ameugua tena, asante za jana zimefanya kazi. Amelala. Jumamosi si mbali.

Alhamisi, 17 Julai

Leo limetokea jambo dogo na sijui kama nicheke.

Alikuja binamu yake Baba Upendo kutoka Unyambwa, na galoni la maziwa mabichi. Mgeni mwenye adabu, akammiminia mama mkwe kikombe cha kwanza. Shikamoo, marahaba, kikombe hiki hapa. Mama mkwe akakisukuma kwa kidole. "Ahsante mwanangu. Yananikataa." Binamu akasema pole mama sikujua, akachukua kikombe akanywa mwenyewe. Basi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza daktari amesemaje. Miaka yote maziwa yanamkataa mama mkwe, na miaka yote hakuna aliyemshawishi hata kwa kijiko.

Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikaacha.

Nikasema, "Mama, hata tone moja? La asante kwa mgeni?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Kitu kikikukataa kimekukataa. Asante gani hiyo ya kuniumiza tumbo?"

"Basi nafaka zinamkataa Shangazi," nikasema. "Na mashudu yanamkataa. Na pumba, na machicha, na ukoko. Zinamkataa, mama. Anavimba kama unavyovimba wewe."

Binamu akaacha kunywa. Mama mkwe akakasirika. Alinikasirikia mimi. "Kwa nini hukusema? Wewe ulisema aleji! Mimi aleji naijua wapi? Ulisema chakula! Ungesema zinamkataa, kuna mtu angempa?"

Wiki nzima. Nimegombana na kijiji kizima kwa kutafsiri vibaya lugha yangu mwenyewe.

Nilitoka na kanga begani nikapita tena nyumba zote. Nikasema neno moja tu. Zinamkataa. Mke wa fundi akashika kifua: masikini, kumbe, kama mimi na maharage. Mama wa pombe: kama baba yangu na mayai. Kila mtu ana chake. Walianza kunihesabia vinavyowakataa wao mpaka nikachoka kusimama.

Mama Salima alifungua mlango nusu. Nikamwomba radhi ya Alhamisi ile, sikusema mengi. Nikamwambia nafaka zinamkataa. Akasema "Sawa." Akafunga.

Jumamosi, 19 Julai

Mnunuzi alikuja na gari dogo la mizigo, kofia mpya. Shangazi bado anachechemea. Kwato hazijapoa kabisa, na kusema neno sahihi si dawa ya kwato. Baba Upendo akafungua kamba. Hakunitazama. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikasema hapiti. Akasema Mama Upendo, usinitie aibu mbele ya mgeni. Nikasema aibu umeileta wewe kwa gari. Shingo ilikuwa inanipiga kama ngoma.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na stoo akichambua mlenda. Hakuinuka.

"Unamuuza kwa nini?"

"Habebi, mama."

"Habebi kwa sababu ya mkono wangu. Mimi nilimpa kinachomkataa, kila siku, huku nikimshukuru." Akaendelea kuchambua. "Maziwa yananikataa tangu utotoni. Siku mtu akinipa kwa kutojua nikaanguka, na mimi utaniletea gari?"

Mnunuzi akacheka. Alicheka peke yake. Baba Upendo alishika ile kamba muda mrefu, akaisokota, akaisokotoa. Kisha akaifunga tena pale pale ilipokuwa, akamwambia mnunuzi asamehe kwa usumbufu wa safari. Mnunuzi akasema maneno yake, akaondoka na vumbi lake.

Jioni Baba Upendo akasema, "Na maji?" Nikamwambia baiskeli yako ina kiti cha nyuma.

Jumapili, 27 Julai

Bwana mifugo amekuja. Kwato zinapoa. Amezichonga kidogo mbele. Amesema atapona, ila madumu manne asahau. Mawili, na si kila siku. Kwato zikishaungua zinakumbuka. Nilitaka kusikia kitu kingine, lakini ndivyo.

Baba Upendo anachota kwa baiskeli siku anazojisikia. Hajisikii mara nyingi. Zilizobaki ni zangu, ndoo ndogo, kata nzuri ya kitambaa chini yake, na shingo bado ni ile ile. Naandika nikiwa na kitambaa cha moto begani.

Alasiri nilimtoa Shangazi atembee bila mzigo, Bwana mifugo alisema ni vizuri. Nilikuwa na ndoo yangu kichwani, yeye mbele. Alisimama kwa fundi. Mke wa fundi akatoka, akamwonyesha viganja vitupu, akamwambia pole. Alisimama kwa mama wa pombe. Pole. Kwa Mama Salima akasimama, na mimi nikasimama nyuma yake kwa kuwa njia ni nyembamba.

Mama Salima alitoka. Hakuniamkia. Akamsogelea Shangazi, akamkuna shingoni, pale mabonge yalipokuwa. Akamkuna muda. Shangazi akanusa mkono wake, akangoja. Mama Salima akafungua kiganja kumwonyesha hakuna kitu. Shangazi akangoja tena. Maji yalianza kunimwagikia usoni.

Kisha Shangazi akaendelea na njia. Nilipopita, Mama Salima alinyoosha mkono akaishika ndoo yangu iliyokuwa imeinama, akaiweka sawa kichwani. Akarudi ndani.

Nilifika nyumbani maji yamebaki zaidi ya nusu.